Siku Dobi Alipopewa Kipaza Sauti

Tingatinga la halmashauri lilipofika uani, Mama Povu alikuwa kitandani, kifua kimembana, na wakamtoa nje pamoja na kitanda chake kama watu wanavyotoa kabati siku ya kuhama. Majirani walishika miguu ya kitanda, mumewe akashika mwavuli uliovunjika mbavu, na mvua haikumwonea mtu haya.

Mume huyo ndiye Dobi. Jina lake la kuzaliwa lilikuwapo, lakini halikuwa na kazi. Mtaa mzima ulimwita Dobi, na mkewe ukamwita Mama Povu, kwa sababu ulikuwa huwezi kumkuta bila povu la sabuni mpaka kwenye viwiko. Dobi alikuwa ameahidiwa na watu wa halmashauri, mbele ya mashahidi, kwamba ua wake wa kufulia hautaguswa mpaka mvua ziishe. Mvua zenyewe zilikuwa hata hazijakolea. Tingatinga likameza makaro ya saruji, likameza nguzo za kamba za kuanikia, likameza kibanda cha pasi, kisha likageukia chumba.

Pembeni alisimama Mratibu wa mradi, mtu mnene wa miwani, shati jeupe, mwavuli wake umeshikwa na mtu mwingine. Kitanda kilipita karibu naye sana, hata angenyoosha mkono angemfunika mgonjwa vizuri. Hakumtazama. Alitazama simu. Akasema, "Mpitisheni huku, mpitisheni huku, mashine inasubiri."

Mama Povu ndiye aliyemtazama. Alimtazama mpaka kitanda kikakata kona, kisha akamwambia mumewe, kwa sauti ya mtu anayemzungumzia mpwa wake, "Amenenepa yule. Afadhali."

Hilo "afadhali" ndilo lililomkaa Dobi kooni kama mwiba wa samaki. Kabla mvua hazijaisha Mama Povu alikufa, katika chumba cha mdogo wake, na Dobi akamzika mke akabaki na neno lile, halimezeki wala halitemeki. Mazishini Mratibu hakuonekana. Alimtuma tarishi na shada la maua ya plastiki lenye nembo ya halmashauri, na tarishi, maskini wa Mungu, akaomba atiliwe sahihi kwamba limepokelewa.

Kwa nini mfua nguo aliyetolewa kwenye mvua aseme "afadhali" juu ya ofisa aliyemtoa? Kuna sababu, na sababu yenyewe ilianzia pale pale.

Zamani, kabla halmashauri haijaukumbuka mtaa ule, wakati ambapo hata wezi walikuwa wakiupita wakaenda mbele kwa kuona hauna cha kuiba, chumba cha mwisho katika safu ya vyumba alimokaa Dobi kilikuwa cha mlinzi wa ghala na mwanawe. Mama wa mtoto alishafariki. Mlinzi alikuwa mtu wa chupa, na chupa ikiisha alikuwa mtu wa mkanda. Mtoto naye alikuwa akikojoa kitandani. Kila alfajiri, kabla baba hajarudi kutoka zamu, Mama Povu alizunguka nyuma ya nyumba, shuka likatolewa dirishani, akalifua, akalikausha kwa pasi ya mkaa, akalirudisha dirishani lina joto bado. Baba akifika anakuta kitanda kikavu, mtoto ameshavaa sare, mkanda hauna kazi. Ikawa hivyo mpaka mtoto alipoanza kubadilika sauti. Wenzake hawakujua. Baba yake alikufa hajajua. Mtoto akafaulu, akaondoka, na wapangaji wa safu ile wakabadilika kama maji ya karo.

Aliporudi, alirudi akiwa Mratibu. Alikuja na watu wa kupaka misalaba myekundu kwenye kuta za kubomolewa, na katika kila mkutano alianza hivi: "Mimi si mwenyeji wa eneo hili, lakini nalipenda sana." Dobi na Mama Povu walimtambua siku ya kwanza, kwa jinsi alivyokuwa akikunja bega kama mtu anayengoja kupigwa. Wakanyamaza. Mbali na mwenyewe, waliokuwa wakijua habari ya shuka walikuwa watatu tu: Dobi, mkewe, na mdogo wa mkewe. Sasa walibaki wawili.

Basi halmashauri ikauboresha mtaa. Tusiseme uongo, uliboreka. Pale palipokuwa na mtaro mweusi pakawekwa uwanja wa matofali ya kupangwa, na benchi za chuma zilizofungwa chini kwa boliti. Taa zikasimama. Pakajengwa safu ya vibanda vyenye milango ya buluu, na kimoja akapewa Dobi, chenye bomba lake mwenyewe. Wengine waliobomolewa hawakupewa kitu, walitawanyika kama pumba. Dobi alikiingia kibanda kile kwa mguu wa kulia na moyo wa kushoto. Akafunga kamba, akapanga pasi zake, akaanza kazi, na kila alipofungua bomba lile alihisi anafua kwa maji ya jeneza.

Wateja walimfuata. Wangemwachaje? Dobi alikuwa na sifa moja iliyopita sabuni zote: mdomo. Aliyemfundisha kazi alimwambia, kinachoonekana kwenye nguo kinaondoka na maji. Mama Povu alilishika hilo kuliko mumewe. Mtu akiipokea nguo ya mwenzake ameipokea nusu ya maisha yake. Dobi alijua nani anatema damu na anawaambia watu ni mafua. Alijua ndoa ipi inalala shuka mbili. Alijua mwanamke gani hufua kola ya mumewe kabla hajaileta kufuliwa, na kwa nini. Alimjua mzee mmoja mwenye sauti ya simba mkutanoni, ambaye kibofu kilikuwa kimemsaliti. Siri ya mtungi muulize kata. Ya mtaa ule ungemwuliza Dobi, na asingekujibu. Ndiyo maana hata wenye bomba ndani walimpelekea yeye.

Na ndiyo maana Mratibu alimchagua.

Alikuja kibandani mchana, akafuta kiti kwa kitambaa kabla ya kukaa. Hapo jirani, Kinyozi alizima mashine yake ya kunyolea ili asikie vizuri, akamwacha mteja na nusu ya kichwa.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba."

"Meya anakuja kuzindua uwanja. Tunahitaji mkazi mmoja aseme neno la shukrani kwa niaba ya wenzake. Nimekupendekeza wewe."

"Mimi?"

"Wewe ni mfano mzuri. Uliathirika, kisha ukanufaika."

Dobi alikamua suruali ya watu, taratibu, kama anakamua shingo. "Niliathirika," akasema. "Ndivyo inavyoitwa."

Mratibu akashusha macho. Kwa muda kidogo lile bega lilijikunja. "Kuhusu mama... mimi nilipokea taarifa. Tulituma shada."

"Lilifika. Nililitilia sahihi."

"Basi." Akatoa karatasi iliyokunjwa. "Maneno yenyewe haya hapa, mafupi tu. Watu wanakuheshimu, mzee, kwa sababu huropoki. Mtu kama wewe akishukuru, wanaamini."

Akaondoka. Dobi akabaki anaitazama karatasi ile, na pale pale akaona jinsi mtu mwenyewe alivyomletea shingo yake. Mratibu aliogopa mtu mmoja tu katika mtaa ule, na alikuwa anaamini mtu huyo hasemi. Angempa mwingine kipaza sauti angekuwa na wasiwasi. Kumpa Dobi ni kama kuweka pesa kwenye mtungi uliozibwa.

Kinyozi akaingia, kitana sikioni. "Utasema?"

"Nitasema."

"Utashukuru?"

"Nitashukuru mpaka ashukurike."

Kinyozi akapiga paja. "Ndiyo, kaka! Mpasue! Mimi ningekuwa wewe ningeshamnyoa mpaka nyusi. Una nini juu yake?"

"Ngoja siku yenyewe."

"Unaninyima mimi? Mimi ninayekunyoa bure?"

"Unaninyoa vibaya," Dobi akasema. "Ndiyo maana ni bure. Rudi kwa mteja wako, anatembea barabarani na nusu kichwa."

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, hakuhitaji kuambiwa. Alikuja jioni kumletea chakula kama alivyozoea, akamkuta amekaa na ile karatasi, anatabasamu peke yake, akajua. Akaweka bakuli chini kwa nguvu.

"Shemeji, usifanye."

"Nisifanye nini?"

"Usinifanye mjinga. Unataka kulitoa lile la dirishani."

Dobi hakukana. "Dada yako amelala kaburini, shemeji. Yule anakata utepe."

"Najua alipolala dada yangu, nilimfumba macho mimi. Lakini lile si la kwako. Ni la dada. Alilibeba miaka yote hajalimwaga hata tone. Hata siku ile kwenye mvua angeweza kumpigia kelele mbele ya watu, wewe fulani, shuka lako nililifua mimi! Alisema nini?"

"Alisema afadhali."

"Ehe."

"Ndilo linaloniua! Angetukana, ningelala."

"Kwa hiyo unataka kumtukania mtu ambaye hakutaka kutukana. Hicho kisasi ni cha nani?"

"Changu," Dobi akasema. "Huruma ilikuwa yake, akaenda nayo. Mimi aliniachia hasira. Kila mtu na urithi wake."

Shemeji akavuta upande wa kanga, akajifuta uso, akainuka. "Kula, kitapoa," akasema, akatoka bila kuaga.

Siku ya uzinduzi walikuja watu mpaka wa mitaa ya mbali, maana spika zilipiga muziki tangu asubuhi, na mtu asiye na kazi hahitaji kadi ya mwaliko. Turubai jeupe la wageni, viti vya plastiki vyenye vitambaa, chupa za maji zimepangwa mbele ya wakubwa kama askari. Wakazi walisimama juani. Mbele kabisa alikuwapo yule mzee wa sauti ya simba, na mwenye duka na mkewe, na Kinyozi aliyekuwa amefunga kazi akavaa koti. Benchi mpya hazikukaliwa, zilikuwa bado zimefungwa nailoni.

Mratibu alizungumza. Akasema yeye si mwenyeji wa eneo hili, lakini analipenda sana. Akataja mita za matofali na idadi ya taa. Kisha akasema, "Sasa tumsikie mkazi wetu mmoja, mzee wetu mpendwa, mtu wa maneno machache."

Dobi alipanda jukwaani amevaa shati alilolipiga pasi mpaka ungeweza kujikata nalo. Kipaza sauti kilikohoa kabla yake. Karatasi aliishika, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Mheshimiwa Meya," akasema. "Nimeambiwa nishukuru. Nashukuru. Bomba linatoa maji. Taa zinawaka. Benchi nazo ni nzuri, ila mmezifunga chini kama wafungwa, sijui mlidhani zitatoroka kwa aibu?"

Watu wakacheka. Meya naye akacheka, akamwinamia Mratibu sikioni, na Mratibu akaitikia kwa kichwa, kwa furaha ya mtu ambaye mpango wake unakwenda.

"Sasa, kabla sijashuka, niwatambulishe mtu. Huyu Mratibu wetu kila siku anasema si mwenyeji. Anaona haya tu. Ni mwenyeji. Alikulia pale, chumba cha mwisho, pale mlipoweka sanduku la taka. Mwenyeji kuliko Kinyozi, mwenyeji kuliko mwenye duka."

Kicheko kikapungua, masikio yakasimama. Mratibu aliinua uso. Bega lake moja tu lilipanda, likabaki juu.

"Na mwenyeji huyu, mheshimiwa, alikuwa kikojozi."

Watu walivuta pumzi kama mtu kabla hajapiga chafya. Kisha uwanja ukapasuka. Watu walicheka wakashikana, wakacheka wakakaa chini. Kinyozi alivua koti akalirusha juu. Watoto waliokuwa wamepanda nguzo za taa wakalidaka neno, wakalifanya wimbo. Meya alicheka kwanza, ndipo akakumbuka kwamba yeye ni Meya, akakunja uso.

"Si kikojozi wa kunyonya!" Dobi alipaza sauti, na spika zikaipeleka mpaka ng'ambo ya barabara. "Kikojozi wa kuota ndevu! Na aliyekuwa akimfulia shuka kila alfajiri, asipigwe na baba yake, asichekwe na wenzake, ni mke wangu. Yule yule aliyetolewa na kitanda kwenye mvua, huyu bwana anatazama simu. Shuka la huyu lilikaushwa miaka nenda miaka rudi. Kitanda cha mke wangu kililowa siku moja tu, na siku hiyo ikatosha!"

Hapo palikuwa mahali pa kushuka. Mwanamke mmoja alishaanza kulia, wanaume walishaanza kumzomea Mratibu, na huyo Mratibu alikuwa ameinuka, anaziendea ngazi kwa mwendo wa mtu anayetembea ndani ya maji. Dobi angeshuka hapo hapo angebebwa juu juu. Lakini mtu aliyenyamaza maisha yake yote, siku akipewa kipaza sauti, hajui pa kukikomesha. Utamu ulikuwa umempanda kichwani. Alimwona adui yake mgongo tu, akataka mgongo nao umsikie.

"Nenda!" akapiga kelele. "Ulidhani dobi hana mdomo? Ninao! Nguo haifichi kitu kwangu. Nimeufua mtaa huu mzima, wakubwa kwa wadogo, najua ya kila mtu! Nikiamua kusema hapa, hakuna atakayebaki na uso!"

Wale walioshangilia walishangilia nusu. Kicheko kilianza kuzimika kutoka mbele kwenda nyuma, kama taa za mtaa umeme unapokatika. Mzee wa sauti ya simba alitazama viatu vyake. Mke wa mwenye duka alimwachia mumewe mkono. Kinyozi aliliokota koti lake, akalipangusa vumbi pole pole, na hakutazama jukwaani tena. Dobi akaona nyuso zikifungwa moja moja, na bado hakuelewa. Alidhani wameguswa.

Alishuka mshindi. Siku zile chache za kwanza alizila kama asali. Mtaa mzima haukuwa na habari nyingine. Mratibu akipita na gari, watoto waliimba. Akikagua mtaro wa awamu ya pili, vibarua walisugua pua wakacheka wameinamia sepetu zao. Mkeka wa mtoto ukianikwa popote, mtu alisema, "Wa Mratibu huo." Uwanja wenyewe ulikuwa na bango kubwa lenye jina zuri la halmashauri, na hakuna aliyelisoma, watu waliagana hivi, "Tukutane kwa Kikojozi." Dobi akiwa na pasi yake alisikia, akaongeza mkaa. Ule mwiba ulikuwa umetoka kooni. Alilala.

Ndipo mke wa mwenye duka alipokuja kuchukua fungu lake, halijafuliwa.

"Mbona mapema, mama?"

"Nimenunua sabuni mpya, nataka niijaribu mwenyewe."

Akaja mwingine: amepata mtoto wa ndugu wa kumsaidia. Akaja mwingine: daktari amemwambia kufua ni mazoezi. Yule mzee hakuja mwenyewe, alimtuma mjukuu, na mjukuu aliyavuta mashuka kutoka kwenye rundo yakiwa makavu na machafu, akakimbia nayo kama aliyeiba. Hakuna aliyegomba. Walikuwa na adabu, wote, adabu ile ya mtu anayepita pembeni ya mbwa aliyelala.

Dobi akamfuata Kinyozi. "Taulo zako siku hizi hazichafuki?"

Kinyozi alikuwa anamnyoa mtu, akajifanya kazi imemnogea. "Zinachafuka, kaka."

"Zinaenda wapi?"

"Kuna kijana ng'ambo ya barabara."

"Yule anaunguza! Anatia dawa ya kuchubua mpaka nguo inalia!"

"Anaunguza," Kinyozi akakubali. "Lakini hanijui." Akazima mashine. "Kaka, mimi nilicheka kuliko wote, Mungu ananiona. Nimefika nyumbani mke wangu akaniuliza swali moja tu: taulo zetu za ndani anafua nani? Nikashindwa kula." Akacheka, cheko fupi lisilo na mwenyewe. "Wamesema kikulacho ki nguoni mwako. Sikujua wanamsema anayezifua."

"Ningekusema wewe? Wewe rafiki yangu?"

"Mama Povu asingenisema," Kinyozi akajibu, akawasha mashine.

Shemeji aliacha kuleta chakula. Walipokutana bombani alimwamkia vizuri, akamwuliza afya, akaondoka na ndoo yake.

Kamba za Dobi zikabaki zinapigwa na upepo. Alikuwa akikaa mlangoni, mlango wa buluu nyuma yake, amekunja mikono iliyoanza kukauka na kupasuka kwa kukosa maji. Chuki yake haikuwa imekwenda popote. Usidhani alijuta. Angerudishwa jukwaani angelisema tena, kila neno, labda angekata lile la mwisho. Alichokuwa hajakitegemea ni kwamba mtu anaweza kushinda akabaki uwanjani peke yake.

Siku moja ya soko, mchana wa watu wengi, gari la halmashauri likasimama. Mratibu akashuka. Kazi alikuwa nayo bado, maana halmashauri haimfukuzi mtu kwa ajili ya shuka. Watoto wakaanza wimbo. Hakuharakisha. Alitembea katikati ya uwanja, fungu kubwa la nguo begani, nguo zikichungulia nje, kila mtu aone, akaliweka miguuni pa Dobi. Wimbo ukafa wenyewe. Kinyozi akatoka mlangoni.

"Nimeleta nguo," Mratibu akasema.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna. Nimeambiwa huna wateja."

"Umekuja kunicheka."

"Sijaanza kucheka bado tangu siku ile." Akavua miwani, akaipangusa, akairudisha. "Katika mtaa huu mimi tu ndiye ninayeweza kukuletea nguo. Wenzangu wanaogopa. Mimi ulishanimaliza."

Dobi aliinuka. Kwa urefu walilingana, na hilo lilimuudhi, kwa kuwa alimkumbuka akiwa mtoto asiyemfika kiunoni. "Ulimwona," akasema. "Siku ile. Usiniambie hukumjua."

"Nilimjua tangu kitanda kikiwa mlangoni."

"Sasa!"

"Ningemtazama, ningesimamisha mashine. Ningesimamisha, ningeulizwa, yule ni nani wako? Ningejibu nini? Kwamba nilikuwa nani kwake?" Sauti ilikuwa ya ofisini kabisa, kavu. "Nilikuwa naliogopa neno moja. Sasa umelisema kwenye spika, na mimi bado nipo. Ningelijua hilo mapema, mama angekuwa hai. Haya, tugawane lawama hiyo."

Dobi alitaka kumpiga. Mkono ulifika mpaka nusu ya njia. "Sikusamehe," akasema. "Sikia vizuri. Mpaka naingia kaburini."

"Sikuja kusamehewa. Nguo nitazifuata Jumamosi. Na nitaleta nyingine."

Akaondoka kama alivyokuja, katikati ya uwanja, taratibu, na safari hii hakuna mtoto aliyethubutu kuimba.

Dobi alilitazama fungu. Alitamani kulipiga teke. Lakini kamba zilikuwa tupu, na mikono ya dobi haijui kukaa mbele ya nguo. Akachuchumaa, akalifungua. Na akaanza kutafuta. Hakujidanganya, alikuwa anatafuta: kola, kwapa, mifuko, mishono ya ndani, mashuka akayafungua yote akayanyoosha juani. Alitaka doa. Doa lolote, damu, dawa, rangi ya midomo, hata lile la zamani. Mtu hawezi kuvaa shati bila kuacha kitu ndani yake, na hicho kitu kingekuwa chake, akiweke, akinoe, angojee siku yake.

Hakukuwa na kitu. Aliinua shati moja akalinusa. Akanusa la pili. Harufu ya sabuni, mbichi, ya juzi au jana.

Zilikuwa zimeshafuliwa. Mratibu alikuwa amezifua nguo zake zote, amezikausha, amezikunjakunja ovyo kama chafu, ndipo akamletea. Angemletea Jumamosi, na Jumamosi nyingine, fungu baada ya fungu, safi, mbele ya watu, na Dobi angekuwa anazilowesha na kuzianika na kula kwa jasho hilo, bila kujua tena neno hata moja juu ya mtu yule mpaka mmoja wao afe.

Alikaa kitako juu ya matofali. Kinyozi alikuwa anamtazama kutoka mlangoni kwake, na mwenye duka, na wanawake wa sokoni. Wote walikuwa wanangoja waone kama atazifua.

Dobi akainuka, akalibeba fungu zima, akalipeleka nyuma ya vibanda, kule awamu ya pili, ambako tingatinga lilikuwa limechimbua mtaro na tope jeusi la zamani lilikuwa limelala wazi, lile lile la mtaa wao. Akayatia mashati meupe humo. Akayakanyaga. Akayapindua akayakanyaga upande wa pili, suruali, mashuka, vyote, mpaka havikujulikana kipi ni kipi.

"Dobi!" Kinyozi akaita. "Umerukwa? Nguo za watu hizo!"

"Nguo za mteja wangu," Dobi akajibu, bila kugeuka. "Sili sadaka yake mimi. Niache nifanye kazi."

Akazikusanya zikichuruzika, akarudi nazo kibandani, akafungua bomba mpaka mwisho, akakunja mikono ya shati, akatia sabuni. Povu likapanda mpaka kwenye viwiko, na akazisugua, meno yameumana.